Uyoga wa Masasi na Siha ya Watu wa Kusini

Mwaka 1994 jarida la Karstenia, ambalo ni la wataalamu wa uyoga wa nchi ya Finland, lilitoa maelezo ya uyoga fulani wenye wekundu ambao hata siku hiyo haukuwa na jina katika vitabu vya elimu. Walioueleza ni Marja Härkönen wa Helsinki na wenziwe, mmojawapo akiwa Leonard Mwasumbi, mjuzi wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waliupa jina la Kilatini Amanita masasiensis, maana yake Amanita ya Masasi. Na ndugu yake wakamwita Amanita tanzanica. Basi Masasi, mji ambao wengi huujua kwa milima yake ya mawe, kwa misheni yake iliyoanzishwa mwaka 1876, na kwa korosho zake, umepata pia heshima ya kuwa na uyoga wake katika orodha ya viumbe vya dunia.

Ni heshima iliyochanganyika na mzaha kidogo. Wataalamu wale hawakuokota uyoga wao kama watu waliopotea mwituni. Walifuatana na wenyeji, wakawauliza: huu waliwa? huu hauliwi? na kwa nini? Walichokiandika kwa Kilatini kilikuwa kimekwisha kujulikana kwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao, na waliokijua zaidi walikuwa kina mama ambao hawakupata kuandika kitu. Katika makala haya nakusudia kuueleza ujuzi wao kama sehemu ya historia ya nchi ya Kusini: uyoga ulikuwa nini kwa watu wa Masasi na Newala? Chakula, dawa, ama hatari? Jibu langu ni kwamba ulikuwa yote matatu, lakini kwa mpangilio maalumu, na kwamba siku hizi mpangilio huo unaelekea kupinduliwa na watu wauzao dawa katika vichupa.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Atokaye Masasi kwenda mashariki hupita katika uwanda wenye misitu ya miyombo, kisha huuona mbele yake ukuta wa nyanda za juu za Wamakonde, nao ukuta huo akiisha kuupanda hujikuta Newala, mahali ambapo mtu aweza kusimama ukingoni na kulitazama bonde la Ruvuma chini yake. Huko juu, kutoka Makote mpaka Mahuta na kuendelea mashariki, ardhi ni ya mchanga, vichaka vilikuwa vimesongamana kiasi cha kumzuia mpita njia, na maji hayakuwapo. Maji yalikuwa mabondeni. Kwa vizazi vingi mwanamke wa Newala aliyafuata chini kwa mwendo wa saa nyingi na kuyapandisha kichwani, na shida hiyo haikuanza kupungua ila miaka ya 1950, maji yalipoanza kupandishwa kwa pampu.

Mjerumani Karl Weule, aliyeitembelea nchi hii mwaka 1906, aliandika hadithi aliyosimuliwa juu ya asili ya Wamakonde. Mtu wa kwanza alitoka kichakani, hakupata kuoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku ikageuka kuwa mwanamke. Wakaenda kukaa karibu na mto, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa maiti. Wakahama, na wa pili pia akazaliwa maiti. Walipopanda na kukaa juu penye vichaka, wa tatu akazaliwa hai. Tangu hapo wazao wao waliusiwa wasikae mabondeni karibu na maji makubwa, kwa kuwa huko ndiko yakaako maradhi na mauti. Watu wengi huitaja hadithi hii kwa ajili ya sanamu, kwa kuwa Wamakonde wamesifika kwa uchongaji. Mimi huiona pia kuwa ni somo la siha. Anayejua habari za mbu na malaria hawezi kuicheka. Watu hawa walichagua kiu juu ya mlima badala ya homa bondeni, wakalipa gharama ya uchaguzi wao kwa shingo za wake zao.

Kuna jambo jingine la kukumbuka kuhusu safari ya Weule. Alitembea Masasi na Newala wakati wa kiangazi. Kitabu chake kimejaa nyimbo, vinyago, unyago na vyungu, na mtu asiyeijua nchi akikisoma aweza kudhani kwamba watu wa huko mwaka mzima hula yale aliyoyaona yeye. Kumbe Kusini ina mwaka wa vipande viwili. Mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na ndani ya mvua hiyo imo miezi ya Januari, Februari na mwanzo wa Machi, wakati ghala za mwaka uliopita zimebaki vumbi na mazao mapya bado hayajakomaa. Hiyo ndiyo miezi ya njaa. Nayo ndiyo miezi ya uyoga.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Uyoga haukuja wakati watu wana shibe. Ulikuja wakati kitoweo kimeadimika, jembe liko mkononi na tumbo li tupu. Kwa hiyo ni haki kuutaja katika historia ya taabu za Kusini. Wangoni walipokuwa wakivamia nchi hii katika karne ya 19, watu walikimbilia vichakani. Mwezi wa Agosti mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilifika Masasi na misheni ikachomwa moto. Baada ya hapo serikali ya Kijerumani ilitumia njaa kuwa silaha, mashamba na ghala zikateketezwa, na sehemu kubwa ya Kusini ikaingia katika ufukara wa chakula ulioua watu wengi kuliko risasi. Mtu aliyefukuzwa shambani mwake hana budi kula kinachoota bila kupandwa. Mizizi, majani, matunda ya mwitu na uyoga ndivyo vilivyokuwa ghala ambalo askari hakuweza kulitia kiberiti.

Uyoga wa Kusini ni wa makabila mengi, lakini kwa kusudi letu yatosha kuyatofautisha makundi mawili.

Kundi la kwanza ni uyoga wa kichuguu, ambao wataalamu huuita Termitomyces, jina alilolitoa Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Uyoga huu ni mazao ya shamba, ila mkulima wake si mtu. Mchwa hukata majani makavu na miti iliyokufa, hula na kuyatoa tumboni kabla hayajasagika vizuri, kisha huyafinyanga kuwa kitu kama sega la nyuki chini ya ardhi. Juu ya sega hilo huotesha kuvu jeupe. Kuvu huozesha mti ambao mchwa peke yao wasingeweza kuumeng'enya, na mchwa hula kuvu pamoja na sega lililolainika. Mvua zinapoanza, kuvu hutoa shina refu kama mzizi, likapenya udongo mgumu wa kichuguu, na kufunua kofia yake juani. Baadhi ya kofia hizo ni ndogo kama kifungo cha shati, hutokea mamia kwa mamia. Nyingine, kama ile iliyopewa jina la Termitomyces titanicus mwaka 1980 kutoka Zambia, zaweza kufikia upana wa mita 1, kiasi cha mtoto kujikinga mvua.

Ukulima huo ni wa kale mno. Wataalamu wanakadiria kwamba mchwa walianza kulima kuvu Afrika miaka kama milioni 30 iliyopita, na mwaka 2016 ilichapishwa habari ya vichuguu vilivyogeuka mawe katika bonde la Rukwa, hapa hapa Tanzania, ndani yake mkiwa na masega ya kuvu yenye umri wa miaka milioni 25. Hakuna jembe la mwanadamu lenye ukoo mrefu kama huo. Na mwanadamu, pamoja na elimu yake yote, hajafaulu kuuotesha uyoga huu shambani kwa namna ya kutegemewa. Lazima angojee mchwa. Ndiyo sababu familia nyingi za vijijini ziliujua kila mmoja kichuguu chake, na mama hakukionyesha kwa jirani kwa wepesi.

Kundi la pili ni uyoga wa miti. Sina maana ya ule uotao juu ya magogo. Nasema ule uliofunga ndoa na mizizi ya miti iliyo hai. Miyombo ni miti ya namna hiyo. Nyuzi za uyoga huizunguka mizizi yake, huivutia maji na chumvi za ardhi, na mti huulipa uyoga kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Amanita masasiensis ni wa kundi hili, pamoja na uyoga wa manjano wenye umbo la tarumbeta ambao wataalamu huuita Cantharellus, na wengine wengi wenye kofia nyekundu na kahawia. Si ajabu, basi, kwamba jina lililoingia vitabuni ni la Masasi na si la Newala: Masasi iko katika uwanda wa miyombo, ambapo Newala ilikuwa nchi ya vichaka.

Sasa niseme habari ya siha. Uyoga mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, kama asilimia 90. Ukiukausha, hubaki kitu kidogo, lakini hicho kidogo kina nguvu. Katika aina nyingi ziliwazo, gramu 100 za uyoga uliokauka kabisa huwa na gramu 20 hadi 30 za protini. Zimo pia vitamini za jamii ya B, na madini kama potasiamu na fosforasi. Kwa mtu alaye nyama kila siku, mambo haya ni ya kusoma na kusahau. Kwa mtu wa nyanda za Makonde si hivyo, maana chakula chake kikuu ni muhogo, na muhogo ni wanga karibu mtupu.

Tena muhogo una siri yake mbaya. Ule mchungu, ambao hustahimili wezi na wanyama, una sumu ya sianidi, na isipotolewa kwa kulowekwa, kuvundikwa au kukaushwa kwa siku za kutosha, hubaki katika unga. Mwili waweza kuipunguza makali sumu hiyo kidogo kidogo, lakini kwa kazi hiyo huhitaji salfa ipatikanayo katika protini. Mlaji wa muhogo usioiva sawasawa, asiye na kitoweo cha protini, yumo hatarini kupata konzo, maradhi yanayopooza miguu ghafula na bila kupona tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilizuka katika vijiji vya mkoa wa Mtwara, wakati wa ukame na njaa, watu walipolazimika kufupisha siku za kuutengeneza muhogo. Sisemi kwamba uyoga ni kinga ya konzo. Hakuna aliyelithibitisha hilo, na dawa yake ni kuutengeneza muhogo vizuri na kula vyakula vya aina mbalimbali. Ninachosema ni kwamba pale ambapo muhogo ndio ugali, swali la kitoweo ni swali la miguu ya mtoto, na bibi aliyechukua tenga kwenda kichuguuni mwezi wa Januari hakuwa akitafuta anasa.

Upishi wenyewe haukuwa na mambo mengi. Uyoga uliosafishwa mchanga ulichemshwa, ukaungwa kwa karanga zilizotwangwa, au ufuta, au tui la nazi kwa wenye minazi. Uliobaki ulianikwa juani juu ya mkeka. Kuhusu kuanika huko, elimu ya sasa imeongeza neno ambalo wazee hawakulijua ingawa walilitenda: uyoga una kitu kiitwacho ergosteroli, na kikipigwa na mwanga wa jua hugeuka kuwa vitamini D.

Na dawa je? Wamakonde huita dawa mtela, na mitela ya waganga wao hutoka zaidi katika mizizi, magome na majani. Nijuavyo mimi, uyoga ulikaa jikoni zaidi kuliko ulivyokaa mkobani mwa mganga, na hili si jambo la kuuvunjia heshima. Hata hivyo Tanzania ina uyoga ambao ni dawa kweli katika mila za wenyeji. Mwaka 1900 Mjerumani Paul Hennings aliueleza uyoga mnene, mgumu kama gumba la mti, uliochukuliwa na Walter Goetze kutoka milima ya kusini-magharibi ya nchi yetu. Huota juu ya mianzi ya milimani. Akauita Engleromyces goetzei. Watu wa milima ya Afrika Mashariki wameutumia tangu zamani kwa maradhi ya tumbo na mengineyo; na ajabu ni kwamba Wachina nao waliutumia wa kwao, uliofanana sana na huu hata ukadhaniwa ni mmoja, mpaka mwaka 2010 wataalamu walipoutenga kuwa aina ya pili. Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye aliandika mwaka 2012 juu ya majina na matumizi ya uyoga kwa watu wakaao kandokando ya Ngorongoro na Serengeti, akaonyesha kwamba huko uyoga umekuwa chakula na dawa pia.

Wala asiwepo mtu wa kusema kwamba jamii ya kuvu haina dawa. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliiona mwaka 1928, ilitoka katika kuvu, na miaka ya 1950 sindano zake ziliwaponya watu wengi wa Afrika ugonjwa wa buba. Baadhi ya dawa za kupunguza mafuta katika damu zilitokana na kazi ya Mjapani Akira Endo, aliyezitafuta katika makuvu miaka ya 1970. Japani iliruhusu dawa iliyotolewa katika uyoga wa magogoni mwaka 1977, na nyingine iliyotolewa katika uyoga uitwao shiitake mwaka 1985, zote mbili zitumike hospitalini kuwasaidia wagonjwa wa saratani pamoja na matibabu mengine. Lakini tuangalie njia iliyopitiwa: kitu kilichunguzwa, kikatolewa, kikapimwa, kikatiwa kipimo. Hakikutoka mwituni kwenda kinywani kwa neno la mwuzaji.

Nasema hivi kwa sababu katika miji yetu kwa muda sasa umeuzwa unga na kahawa ya uyoga wa Kichina, lingzhi, ambao wataalamu huuita Ganoderma, kwa ahadi kwamba huponya kisukari, shinikizo la damu, saratani na utasa. Uyoga huu una historia tukufu katika utabibu wa Kichina, nami siidharau. Ila wachunguzi wa jumuiya ya Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima majaribio yaliyokwisha fanywa, walisema mwaka 2012 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuufanya tiba ya kwanza ya saratani, ingawa waweza kuwa msaada kando ya tiba. Na mwaka 2015 walisema ushahidi uliopo hauungi mkono kuutumia kwa ajili ya hatari za maradhi ya moyo kwa wenye kisukari. Mzee wa Newala auzaye gunia la korosho ili anunue kichupa hicho, na kwa ajili yake kuziacha dawa za zahanati, amedhulumiwa mara mbili. Serikali ilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili pale Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 2002 ikatungwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Milango hiyo ipo. Kinachostahili kuitwa dawa na kipitie humo.

Nimefika kwenye hatari, na hapa sitakwenda mbio. Makala ile ya mwaka 1994 iliyotoa jina la Masasi ilihusu Amanita wekundu wanaoliwa na Amanita wekundu wenye sumu. Zingatia, msomaji: wako pamoja, katika ukoo mmoja, na rangi zao zinakaribiana. Ukoo wa Amanita ndio huohuo wenye Amanita phalloides, ambao umeua watu wengi duniani kuliko uyoga mwingine wowote. Sumu ya aina hiyo ina hila. Mtu hula akashiba, akalala vizuri. Saa 6 hata 24 hupita kimya. Kisha huja kutapika na kuhara kwa nguvu; baada ya siku moja au mbili mgonjwa huona nafuu, na jamaa humshukuru Mungu. Kumbe wakati huo ini linaharibika, na huanguka tena pasipo kuinuka. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, wala kukausha hakuiondoi.

Watu wamebuni vipimo vingi vya kutambua uyoga mbaya: kijiko cha fedha kinachogeuka cheusi, kitunguu kinachobadili rangi, chumvi, na kuangalia kama wadudu au konokono wameula. Vyote ni uongo. Konokono hula bila kudhurika uyoga uwezao kumaliza nyumba nzima. Kipimo kilichowaweka watu wa Kusini hai kwa karne nyingi kilikuwa kimoja tu: kuujua uyoga wenyewe, mmoja mmoja, kwa jina lake. Binti alimfuata mama yake tangu utotoni, akajifunza kuchimba mpaka chini ya shina, kwa kuwa Amanita huwa na kifuko huko chini ambacho mkataji mvivu hukiacha ardhini. Akajifunza huu huota chini ya mti gani, mwezi gani, unanuka nini, ukivunjwa hutoa maziwa au hautoi. Na kanuni kuu ilikuwa kwamba usioujua usiuchume. Ujuzi huo ulikuwa wa mahali. Mtu akihama, macho yake huhama naye, lakini uyoga wa nchi mpya huenda ukafanana na wa kwao pasipo kuwa ndio. Nchi ya Newala na Masasi imepokea wahamiaji wengi: Wamakonde na Wamakua waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi, wakimbizi wa vita vilivyoanza huko mwaka 1964, kisha wenyeji wenyewe waliohamishwa kuingia vijiji vya pamoja kati ya mwaka 1973 na 1976. Kila uhamisho wa namna hiyo hukata uzi kati ya jina na mahali. Na katika nyanda nyingine za Afrika Mashariki misonobari ililetwa kutoka ng'ambo na kupandwa, ikaja na uyoga wake mwekundu wenye madoadoa meupe, Amanita muscaria, ambao ni wenye sumu, na ambao hakuna bibi yetu aliyepata kufundishwa habari zake.

Hapa mkorosho nao una hadithi. Mti huu ulioletwa na Wareno kutoka Brazili ndio uliowapa watu wa Kusini fedha, na mimi si adui wa fedha. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa bei duni, kuhamishwa kwa watu mbali na mashamba yao, na ugonjwa wa ubwiri unga, ulioripotiwa nchini mwaka 1979. Ubwiri unga ni kuvu pia, nalo hufunika maua ya mkorosho kwa unga mweupe mpaka yakauke. Wakulima walifundishwa kulipiga vita kwa salfa, na kituo cha utafiti cha Naliendele kimefanya kazi kubwa katika jambo hilo. Mikorosho ikainuka tena. Basi katika nchi moja kuvu moja lilimnyima mkulima fedha, na jingine likampa mwanawe kitoweo.

Lakini mkorosho hauna ndoa na uyoga wa miyombo. Mizizi yake hushirikiana na kuvu la namna nyingine, dogo, lisilotoa kofia juu ya ardhi. Mahali ambapo miyombo imekatwa ili kupandwa mikorosho, au kuchomwa mkaa, Amanita ya Masasi haiwezi kubaki hata kama mvua ni njema, kama vile kupe asivyobaki ng'ombe akiisha kuondoka. Uyoga wa kichuguu wenyewe ni mvumilivu zaidi, kwa maana mchwa hawaogopi shamba. Huuawa tu pale kichuguu kinapofukuliwa kwa ajili ya udongo wa matofali. Kwa hiyo kijana wa leo wa Masasi ana nafasi ya kuujua uyoga wa mchwa, ila ule wenye jina la mji wake huenda akauona katika picha kwanza.

Kuhusu majina, nchi hii imekwisha kuupa ulimwengu neno moja. Mwaka 1952 na 1953 homa ya ajabu iliwaangusha watu wa Newala na Masasi, viungo vikawauma hata wakatembea wamejikunja. Waganga Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walitoa habari zake mwaka 1955 kwa jina walilolisikia kwa wenyeji, lenye maana ya kukunjamana: chikungunya. Mbu waliouambukiza walizaliana katika mitungi ya maji ndani ya nyumba. Watu walioyakimbia maji ya bondeni waliyakuta maradhi katika maji waliyoyabeba. Siku hizi neno hilo la Kimakonde hutamkwa na matabibu wa India, Brazili na Italia. Hakuna aliyeona haja ya kulitafsiri.

Uyoga haukupata bahati hiyo, kwani wataalamu wa viumbe huandika kwa Kilatini, na ndivyo kanuni yao ilivyo. Lakini kanuni hiyo haimzuii mwalimu wa shule ya Newala au Makote kuwatuma wanafunzi wake, mvua za Desemba zinapoanza, kwa bibi zao wakiwa na daftari. Na waandike: jina la uyoga kwa lugha ya nyumbani, mti unaoota chini yake, mwezi, rangi ya kofia juu na chini, kama una pete na kifuko, kama huliwa, na kama hauliwi, ni nani aliyepata kuugua kwa ajili yake. Härkönen na Mwasumbi walianza kwa maswali hayohayo, na kitabu chao kikubwa juu ya uyoga wa Tanzania, walichokitunga pamoja na Tuomo Niemelä, kilitoka mwaka 2003. Tofauti ni kwamba wao iliwabidi kusafiri kutoka mbali ili kuuliza, na mwanafunzi wa Makote hana mbali pa kwenda: bibi yuko uani, uyoga umeanikwa mkekani, na kuku wanafukuzwa.